Sijagusa Kitu

Mtaani walimwita Mwenye Bucha, na baadaye wakafupisha, akabaki Bucha tu. Hata mkewe alipokuwa akimtaja kwa majirani alisema, "Bucha hajarudi." Habari hizi zilipoanza alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza nyuma ya meza moja ya vigae vyeupe, kwenye duka la mlango mmoja lenye ndoano sita, gogo la kukatia, mizani, na friji iliyokoroma kama mtu mwenye mafua.

Alikuwa mtu wa maneno. Mteja akilalamika kuwa amewekewa mfupa mkubwa, alijibu, "Sasa ng'ombe alikuwa atembee na nini, mama?" Akiombwa kuongeza kidogo, aliongeza kweli kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kisha akakitazama kwa majonzi kama anayeaga ndugu. Lakini kwenye usafi hakuwa na mzaha. Alivaa koti jeupe lililofuliwa kila asubuhi, visu alivichemsha, na sakafu aliipiga deki mara tatu kwa siku. Mkaguzi wa afya alikuwa akiwaambia wenye bucha wengine, "Nendeni mkaone pale kwa mwenzenu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule pale pale sebuleni. Walipata watoto wawili. Wa kwanza alishaoa na kuhamia mbali. Wa pili, msichana, alikuja miaka tisa baadaye, wakati nguo za mtoto zilikuwa zimeshagawiwa kwa ndugu. Alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena, kwa hiyo baba yake akambandika jina la Chiriku. Siku za likizo alishinda buchani akiwauliza wateja mambo yasiyomhusu: wanakwenda kupika nini, mbona leo wamenunua kidogo, yule mgeni wao ameshaondoka?

Mwaka aliotimiza miaka kumi na mitatu, sabuni nyumbani ilianza kuisha.

Mama yake aliwashuku wapangaji wenzao waliotumia bomba lile lile la uani. Akaihamishia sabuni ndani. Ikaendelea kuisha. Mche uliokuwa ukikaa wiki nzima ulikwisha kwa siku mbili, kisha kwa siku moja. Ndipo mezani siku moja mama akaona vidole vya mwanawe, vimepasuka kwenye vifundo, vyekundu, vina mistari ya damu iliyokauka.

"Mikono imefanya nini hiyo?"

"Vumbi la chaki."

Mama akampaka mafuta. Chiriku akainuka, akaenda kuyanawa.

Miezi michache baadaye Bucha alirudi kutoka kazini akiwa na tone la damu pembeni mwa kiatu, dogo kama punje ya dengu. Chiriku alipiga ukelele uliowatoa wapangaji vyumbani. Bucha mwenyewe alidhani kuna nyoka. Alipoelewa kuwa ni kiatu, alicheka, akakifuta kwa kidole gumba. Anasema hadi leo angependa kukirudisha kile kicheko.

Chiriku hakuwa akiogopa kuumwa yeye. Hilo wazazi wake walikuja kulielewa baadaye sana. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja lililokuja bila kuitwa: kwamba uchafu wa damu utafika mkononi mwake, kutoka mkononi utafika kwenye sahani ya mama, mama atakufa, na atakayekuwa amemuua ni yeye. Akinawa, wazo lilitulia. Baada ya dakika tano lilirudi. Alijua kuwa halina kichwa wala miguu, na alisema hivyo kwa mdomo wake.

"Najua ni upuuzi, baba. Lakini je, kama siyo?"

Bucha akafanya alichokiweza: akamfuatisha. Akaanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Nguo za kazini akazivulia uani, ndani ya beseni lenye mfuniko ambalo hakuna mwingine aliyeligusa. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, mara tatu, kisha miguu, kisha akasimama amejifunga taulo mbele ya dirisha la chumba cha binti yake. Nyuma ya pazia sauti ikauliza.

"Baba, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Sema vizuri."

"Sijagusa kitu."

"Umekohoa katikati. Anza tena."

Kuanza tena kulikuwa kuanzia kwenye kunawa. Siku nzuri alirudia mara mbili. Siku mbaya alirudia mara saba, mtu mzima wa kilo tisini na kitu, na wapangaji wakipita na ndoo zao. Mmoja alimtania, "Bucha, leo wamekuchuna wewe?" Akacheka naye. Kazi ya kuchekesha watu alikuwa ameizoea.

Mkewe alikuwa na zamu yake. Aliulizwa "Mama, uko salama?" akiwa jikoni, akiwa chooni, akiwa ameshika uzi mdomoni, na alijibu "Niko salama" kila mara kwa sauti ile ile. Alifua nguo za watu watatu kwenye mabeseni matatu. Cherehani aliihamishia chumbani kwa sababu wateja wa sare walikanyaga sebule kwa viatu vya nje, na baadaye wateja wenyewe wakapungua. Bucha alianza kula peke yake, kwenye ngazi za mlango wa nyuma, sahani magotini. Hakuna aliyekaa chini akapanga mambo yawe hivyo. Yaliongezeka moja moja, na kila moja lilionekana dogo ukililinganisha na kilio ambacho kingefuata likikataliwa.

Shule ilivumilia mwaka mmoja. Kisha mwalimu mkuu akawaita na kuwaambia kwa upole kwamba binti yao anatumia vipindi viwili kwa siku kwenye bomba, na wenzake wameanza kumcheka. Chiriku akabaki nyumbani. Maneno nayo yalimpungua. Aliyekuwa akihoji kila mtu akawa na maswali mawili tu, lile la baba na lile la mama.

Dada mkubwa wa Bucha, shangazi mtu, alikuja kutoa hukumu.

"Mmemdekeza. Mimi nimelea sita. Nani alikuwa na nafasi ya kunawa mara mbili?"

"Dada, huyu anaumwa."

"Anaumwa nini? Homa hana, kikohozi hana. Anaumwa baba yake."

Bucha alilichukua neno hilo na kulala nalo. Baada ya wiki mbili alifikia uamuzi bila kushauriana na mtu. Alimwachia mwenzake wa kazi lile duka, na visu na friji yenye mafua, akaenda kuajiriwa kwenye ghala la rafiki yake aliyeuza saruji na misumari. Miaka yote ile ya kazi aliifungia kwenye mfuko mmoja: koti, buti za mpira, na kinoo cha kunolea.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani na vumbi la kijivu kwenye nyusi. Chiriku alitoka hadi mlangoni, akamtazama juu hadi chini, akacheka. Kisha akamshika mkono. Mama mtu aliingia jikoni akalia huku bomba likiwa wazi ili asisikike. Wakala pamoja mezani. Iliendelea hivyo wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Siku ya ishirini na mbili Chiriku aliweka kijiko chini.

"Baba, hiyo saruji wanatengeneza na nini?"

Mpaka mwisho wa mwezi beseni lenye mfuniko lilikuwa limerudi uani.

Bucha anasema siku hizo hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Jumamosi moja mkewe alikwenda kupeleka sare kwa wateja. Chiriku aliingia bafuni saa moja asubuhi. Saa saba mchana maji yalikuwa bado yanamwagika. Bucha aligonga.

"Bado," sauti ilisema.

Akagonga tena saa saba na nusu.

"Bado, baba. Umenikatiza, naanza upya."

Alilisukuma komeo kwa bega, likang'oka. Akamshika mwanawe uso kwa viganja vyake viwili, akabana.

"Haya, nimekugusa! Umekufa? Mama yako amekufa? Nani amekufa humu?"

Chiriku hakupiga kelele. Alimtazama tu. Bucha aliiondoa mikono yake, akatoka, akatembea hadi mwisho wa barabara na kurudi, akatembea tena. Wakati huo Chiriku alichukua chupa ya dawa ya kutoa madoa, ile ya kufulia mashuka meupe, akajimiminia usoni na mikononi bila kuichanganya na maji. Macho aliyafumba, na hilo ndilo lililomwokoa. Mama aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, anatetemeka, uso mwekundu, ngozi ya mikono imebabuka hadi karibu na viwiko. Alimtia chini ya bomba kabla ya kuuliza lolote, akamkalisha hapo kwa muda mrefu, kisha akaita gari.

Hospitali, chumba cha vidonda, alikuwepo muuguzi wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba. Alisafisha polepole. Aliona makovu ya zamani chini ya majeraha mapya, akawaambia wazazi wasogee kule kwenye benchi.

"Binti, unanawa mara ngapi kwa siku?"

"Sijui."

"Ukiacha kabla hujamaliza, unahisi nini kitatokea?"

Chiriku hakuwa ameongea na mgeni kwa mwaka mzima. Aliongea na huyu kwa dakika ishirini. Bandeji ilikuwa imeshafungwa baada ya dakika kumi, lakini muuguzi aliendelea kuirekebisha ili asimkatize.

Kisha akaja kwenye benchi. "Ghorofa ya pili yupo mtu ambaye kazi yake ni hii."

"Ni kichaa?" mama aliuliza. Alikuwa amelibeba neno hilo miaka miwili bila kulitoa.

"Hapana. Ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia. Una jina, na unatibika. Si kwa wiki moja, lakini unatibika."

Mtu wa ghorofa ya pili alikuwa mwanasaikolojia, mwanamke kijana mwenye viatu vya turubai, na Bucha alimdhania mwanafunzi. Siku ya kwanza alizungumza na Chiriku peke yake. Siku ya pili aliwaita wazazi.

"Mawazo mabaya humjia kila mtu," aliwaambia. "Wewe baba ukiwa na kisu mkononi, hujawahi kuwaza ghafla, je, nikimchoma huyu mteja?"

Bucha alimtazama mkewe kwanza. "Nimewahi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kukata nyama."

"Lako lilipita. Ya kwake yanakwama. Akiyanawa yanaondoka dakika tano, halafu yanarudi na ndugu zao. Sasa niambieni, ninyi nyumbani mnamsaidiaje?"

Bucha akaeleza. Alieleza mlango wa nyuma, beseni, kunawa mara tatu, maneno yanayosemwa bila kukohoa. Mkewe akaongezea mabeseni matatu na jibu la "Niko salama." Walieleza kwa fahari kidogo, kama watu waliojitolea. Mwanasaikolojia aliandika yote.

"Mmechoka?"

"Sana," mama alisema.

"Lazima mchoke. Huu ugonjwa umewaajiri wote wawili."

"Na likizo hautoi," alisema Bucha.

Mwanasaikolojia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kucheka akiwa nao. Lakini yaliyofuata hayakuchekesha. Aliwaambia kwamba kila wanapojibu lile swali, wanamthibitishia mtoto kwamba swali lilikuwa la maana na hatari ilikuwepo. Wataacha. Hawataacha yote kwa siku moja, na Chiriku mwenyewe ndiye atakayepanga hatua, kutoka rahisi hadi ngumu. Daktari wa akili atampa vidonge ambavyo vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Na wao watajifunza sentensi mpya, ya kusemwa kwa upole, mara moja, bila mabishano: Naona unavyoteseka. Nipo hapa. Swali hilo sitalijibu.

"Na wewe, baba, kwa nini uliacha kazi yako?"

"Kwa ajili yake."

"Ilisaidia?"

"Siku ishirini na moja."

Hakumwambia arudi. Aliandika tu, akafungua ukurasa mwingine. Mwezi uliofuata Bucha alirudi buchani. Mwenzake hakutaka maelezo, alimsogezea kisu na kumwambia, "Anza na hilo paja."

Kabla ya hapo lakini aliomba dakika moja na binti yake mbele ya mwanasaikolojia. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njiani.

"Siku ile nilikushika kwa hasira. Nilikosea, mama. Nisamehe."

Chiriku aliitazama bandeji yake. "Mikono yako ilikuwa na saruji?" aliuliza.

"Naona unavyoteseka," alianza Bucha, sauti ikamkatika, na mwanasaikolojia akammalizia sentensi.

Orodha ya Chiriku ilikuwa na hatua ishirini, kwa mwandiko wake. Ya kwanza: kumuuliza baba mara moja tu. Ya ishirini: kuingia buchani. Katikati kulikuwa na mambo kama kugusa kitasa cha mlango wa mbele na kukaa dakika kumi, au kuvaa gauni lililofuliwa pamoja na nguo za wengine.

Jioni ya kwanza Bucha alifika saa kumi na moja. Alinawa mara moja kama wanavyonawa watu. Akasimama mbele ya dirisha.

"Baba, umegusa nini?"

"Naona unavyoteseka, mwanangu. Nipo hapa. Swali hilo sitalijibu."

"Jibu mara moja tu."

Hakujibu.

"Neno moja, baba! Neno moja linakugharimu nini?"

Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa kilio, kisha akaambiwa kuwa anataka mama afe ili aoe mwingine, kuwa hajawahi kumpenda, kuwa angekuwa baba wa kweli angesema. Mpangaji mmoja alitoka kuuliza kama kuna tatizo. Ilichukua saa moja na dakika arobaini. Bucha alikuwa amewahi kushika fahali kwa kamba machinjioni, kamba ikala viganja, na anasema ile ilikuwa kazi nyepesi. Kisha, bila sababu iliyoonekana, maswali yakawa machache, yakapungua zaidi, yakaisha. Chiriku akatoka na macho yaliyovimba, akajimiminia chai, akaketi.

Wiki ya tatu mwanasaikolojia alipitia daftari walimoandika maswali ya kila siku, akalifunga.

"Kuna mtu anajibu."

Bucha alianza kujitetea, mkewe akamkatiza.

"Ni mimi."

Alikuwa akipita dirishani wakati wa kuanika nguo na kunong'ona, hajagusa, mwanangu, hajagusa. Mara moja kwa siku, wakati mwingine mbili.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Analia ukutani, mimi nipo upande wa pili. Nifanye nini? Nipige cherehani?"

"Ndiyo," alisema mwanasaikolojia. "Piga cherehani."

Akaenda akaipiga. Kila jioni kilio kilipoanza, cherehani ilianza, na kadiri kimoja kilivyopanda ndivyo kingine kilivyopanda. Wapangaji walijua kwa mlio ule kama leo ni siku nzuri au mbaya. Mwezi huo alishona sketi sitini, nyingine zikiwa na pindo lililopinda, na wateja wakaanza kurudi.

Hatua zilikwenda bila mpangilio wa kujivunia. Ya tatu na ya nne ziliisha kwa wiki moja. Ya saba, ile ya kukaa chumba kimoja na koti la kazini la baba likiwa limefuliwa na kufungwa kwenye mfuko, ilichukua miezi miwili. Kwanza mfuko ulitundikwa uani. Kisha mlangoni. Kisha kwenye kiti cha sebuleni, na Chiriku akakaa kwenye kiti kingine, magoti kidevuni, akiutazama kama mgeni aliyekataa kuaga.

Alipofika hatua ya tisa, mama akaugua. Ilikuwa homa ya kweli, ya siku nne, ya kutapika na kuweweseka. Kwa Chiriku huo ulikuwa ushahidi. Alirudi bafuni, mikono ikafunguka tena vidonda, na siku ya pili aliacha kula. Bucha alikuwa na mgonjwa chumba hiki na mgonjwa chumba kile, na nyama iliyokuwa inamsubiri mezani kazini.

Shangazi alikuja kusaidia, na kusaidia kwake kulikuwa kwa nguvu. Alifika na ndoo, brashi na dawa, akaanza kusugua kuta. Chiriku alimfuata akimwonyesha pembe alizoziacha. Kwa mara ya kwanza wawili hao walielewana. Bucha aliwakuta wakiwa wamepiga magoti pamoja mbele ya mlango.

"Dada, weka brashi chini."

"Nasafisha nyumba yako."

"Nyumba ni safi. Weka chini."

"Unanifukuza? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Sikufukuzi. Nakuomba usiusaidie huo ugonjwa. Ukitaka kutusaidia, tupikie."

Shangazi aliondoka amenuna, akamwacha na ndoo katikati ya sebule. Kesho yake alirudi na sufuria ya supu, akaiweka mezani bila kusalimia. Alikuja hivyo kila siku hadi wifi yake alipoinuka. Brashi hakuigusa tena, ingawa alizitazama zile pembe.

Kliniki, Chiriku alitaka jambo moja tu kutoka kwa mwanasaikolojia.

"Niambie si mimi niliyemuumiza."

"Siwezi kukuambia."

"Unajua si mimi!"

"Labda ni wewe, labda si wewe. Hatutajua. Ninachokuuliza ni kama unaweza kuishi leo bila kujua."

Chiriku alitoka akiwa amekasirika kiasi cha kusahau kufungua mlango kwa kiwiko. Alikishika kitasa kwa mkono mzima. Alikuja kugundua wakiwa ngazini.

Mama alipopata nafuu, aliamua mwenyewe kuianzisha hatua ya kumi na moja, ile ya Chiriku kumpa chakula bila kunawa. Asubuhi moja, Chiriku akiwa ametoka uani na hajanawa, alimwambia, "Nikatie mkate." Chiriku akabaki na kisu mkononi. "Kata, mama. Nina njaa." Akakata, akampa kwa vidole vyake. Mama akala taratibu, kipande chote na makombo. Chiriku alimtazama akitafuna kama mtu anayemtazama mwenzake akivuka barabara yenye magari. Alisubiri hadi saa sita mchana, kisha akaenda kumtazama tena. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Bado nipo," alisema, kisha akakumbuka kuwa hilo nalo ni jibu, akaziba mdomo, na wote wawili wakacheka.

Alirudi shule akiwa na miaka kumi na sita na miezi kadhaa, darasa moja na watoto aliowazidi kwa miaka miwili. Walimwita Bibi. Alisema jina hilo halimsumbui, ukilinganisha na mengine aliyowahi kujiita mwenyewe.

Hatua ya ishirini aliifanya Jumamosi ya mwezi wa nne baada ya hapo. Walikubaliana kwamba baba hataacha kazi kumpokea. Alisimama mlangoni kwa muda, pembeni, ili wateja wapite. Kisha akaingia, akaweka kiganja juu ya vigae vya meza, na kukiacha hapo. Bucha alikuwa anamkatia mteja.

"Huyu ndiye binti yako?" mteja aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona anatetemeka?"

"Friji hiyo. Ina baridi." Akamfungia nyama, akampa. Mteja ndiye aliyemkumbusha kuwa hajaipima.

Chiriku alikaa dakika sita. Nyumbani alinawa mara mbili. Hatua ilitaka mara moja. Waliandika mbili.

Siku hizi, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, Bucha hupanda ghorofa ya pili kukutana na wazazi wengine. Mwanasaikolojia ndiye aliyemwomba. Hukaa karibu na mlango na hasemi sana, jambo ambalo wateja wake hawaliamini. Mwezi uliopita alikuwepo baba mmoja, dereva wa lori, ambaye kijana wake hawezi kuvuka kizingiti bila kurudi nyuma mara thelathini, na baba mtu humshika mkono na kumhesabia.

"Wako amepona?" dereva aliuliza.

"Kuna kunawa ambako hakujaisha. Vidonge anakunywa bado. Mwezi wa mitihani ulipokaribia alirudi nyuma, tukaanza tena hatua ya tano."

"Kwa hiyo hajapona."

"Anakwenda shule. Anakula nasi. Mimi naingia kwa mlango wa mbele." Akamgeukia. "Wewe ukimhesabia, unafika thelathini, halafu?"

"Halafu tunaanza upya. Siku hizi imefika thelathini na mbili."

"Ndiyo," alisema Bucha. "Itapanda."

Dereva akaomba aelezwe ile sentensi neno kwa neno, akaiandika nyuma ya karatasi ya mzigo.

Bucha aliporudi nyumbani jioni hiyo alisikia kelele kutoka mlango wa mbele. Chiriku na mama yake walikuwa wanagombana. Chiriku alitaka kwenda kwa rafiki yake kusoma, mama alisema ni kisingizio cha kwenda kupiga soga, Chiriku akasema mama hamwamini hata siku moja, mama akasema amwamini vipi mtu ambaye juzi alisema anarudi saa kumi akarudi saa kumi na mbili. Walikuwa wakisema kwa sauti ya juu, wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Bucha alivua viatu, akapita katikati yao, akaingia ndani. Walimwita aamue. Alisema ana njaa.